Nilivyompangia Mwanangu Bei kwa Dakika

Wazazi wenzangu mliopeleka watoto vyuoni nje, na hasa nyinyi mliojaaliwa mtoto anayecheza mpira wa aina yoyote, nakuandikieni mimi Hafidha, mama yake Nahla. Nimesoma mpaka darasa la saba, skuli ya Donge, Unguja, kwa hiyo mtanisamehe pale maneno yatakapokwenda kombo. Lakini niliyoyaona nimeyaona, na sitayanyamazia kwa kuogopa kuchekwa. Kuchekwa nimeshachekwa, tena na watu wengi.

Nipo Guangzhou, huku kwa Wachina, mwaka wa kumi na mbili huu. Nina ofisi ya chumba kimoja kwenye jengo la Tianxiu, ghorofa ya saba. Wafanyabiashara wa Dar na Unguja wananitumia oda za vikombe, sahani na masufuria, mie nazunguka masoko na viwanda, nakagua mali, napakia kontena. Ukaguzi ndiyo kazi yangu hasa. Sijawahi kupakia katoni ambayo sikuifungua, na wenye viwanda wananijua, wakiniona mlangoni wanasema yule mama mgumu kaja. Nasema haya mjue kwamba mie si mjinga wa biashara. Lililonipata limenipata kwa ule ujuzi wangu wenyewe.

Nahla ana miaka ishirini na moja. Yuko mwaka wa tatu chuoni, anasoma mambo ya kusindika chakula, na anacheza mpira wa kikapu timu ya wasichana ya chuo. Mrefu kama marehemu baba yake. Kwenye timu hiyo wageni ni wawili tu, yeye na Mélanie, binti wa jirani yangu wa ofisini Henriette. Henriette ni Mkongomani wa Lubumbashi, ananunua nywele na vitenge, ukuta wetu ni mmoja, tukipiga chafya tunaombeana afya.

Siku moja akaja Dullah. Dullah ni kijana wa Magomeni, miaka thelathini na kitu, anawatafutia watu kila kitu mji huu: vyumba, viza, nafasi za kontena, na kila anachokileta kina kamisheni yake.

"Bi mkubwa," akasema, hata hajakaa, "kuna kampuni ya viatu vya michezo inamtaka Nahla."

"Inamtaka vipi? Ana mitihani."

"Si kazi, ni kuvaa tu. Wanamlipa avae viatu vyao na awatangazie. Wanafunzi wa Marekani siku hizi wanalipwa hadharani, wengine wanawazidi walimu wao. Huku nako kampuni zimeanza kunusa. Wewe una mgodi ndani ya nyumba, unahangaika na vikombe!"

Jina la kampuni nitaliacha. Tulikwenda ofisini kwao Tianhe, chumba cha vioo vitupu. Upande wao alikaa mwanamke mmoja, Madam Qiu, msimamizi wa matangazo, umri wake sawa na mdogo wangu wa mwisho. Upande wetu mie, Nahla, na Dullah wa kutafsiri. Madam Qiu akaweka karatasi mezani. Msimu mzima, mechi kumi na nne, yuan elfu ishirini. Nahla avae viatu vyao, apigwe picha, na mara mbili kwa mwezi aingie kwenye matangazo yao ya moja kwa moja ya simu, yale ya kuuza vitu huku watu wanatazama. Chuo kimesharidhia, ruhusa ya viza imepigwa muhuri. Na timu nzima itapewa viatu bure.

Mzazi mwenye akili zake angeuliza: akiumia je? Kocha akimweka benchi je? Mie sikuuliza hata moja. Mie niliona bei ya jumla, na bei ya jumla nimejifunza kuiogopa. Ukiuziwa fungu zima kwa bei moja, kuna kitu ndani hukukiona. Nikamwambia Dullah, "Mwambie sitaki bei ya fungu. Nataka bei ya kipande."

Dullah akanikodolea macho. "Kipande cha nini, bi mkubwa? Huyu mtoto, si sahani."

"Cha dakika. Kila dakika anayokuwa uwanjani wanalipa. Akicheza sana, wanalipa sana."

Nahla akacheka. "Mama, unanikata vipande?"

"Nyamaza. Nakutafutia maisha."

Madam Qiu aliposikia tafsiri alitabasamu, akatoa kikokotoo akanisukumia, vile vile wanavyofanya sokoni. Nikaandika, akafuta, akaandika. Nikasema bei gani hiyo, nikasimama kama naondoka, nikaitwa nikarudi. Wallahi nilifurahi siku ile. Tulifika yuan mia kwa dakika. Kwa mchezo wa Nahla, dakika ishirini na tano kila mechi, inatoka elfu thelathini na tano. Nimewapiga bao, nikajisemea, na hawajui.

Madam Qiu akafunga kikokotoo. "Sawa, kwa kipande," akasema. "Lakini ukitaka kwa kipande, kuna minimamu."

Kila aliyenunua mali mji huu anaijua minimamu. Kiwanda kinakupa bei ya kipande, kisha kinakwambia idadi ya chini ya kuchukua, na chini ya hapo hakuna biashara. Neno hilo halikunishtua hata kidogo. Lilinipa raha, nikaona tunaongea lugha moja. Akasema dakika mia tatu. Zikipungua mia tatu, mkataba umevunjika, tunarudisha kila walichotoa, na msimu ujao timu haipati viatu. Nikapiga hesabu kichwani, nikaona dakika hamsini zinabaki juu. Nikakubali kabla Dullah hajamaliza kutafsiri. Nahla akatia saini, nami nikatia ya kwangu chini yake.

Wakati wa kurudi nikapita soko la Yide Lu nikanunua korosho na tende, nikagawa ghorofa nzima. Henriette akachukua korosho zake, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa Kiswahili chao kile cha Lubumbashi, chenye Kifaransa ndani:

"Écoute, Mama Nahla. Weye umeuzisha mutoto sawa bikombe?"

"Sijauza mtoto. Nimeuza muda wake tu."

"Na mutoto bila muda wake, anabakia na nini?"

Nikamwambia ale korosho zake. Moyoni nikasema, wivu huo, kwa sababu Mélanie wake hawakumtaka.

Mechi tano za mwanzo zilikuwa neema. Nahla alikuwa anakimbia, anaruka, anadaka mipira ya watu, na hela zinaingia. Mie nilikuwa nakwenda kila mechi, nakaa safu ya tatu, simu mkononi, saa ya kuhesabia iko wazi. Akiingia nabonyeza, akitoka nabonyeza. Watu wa jirani wanashangilia vikapu, mie nashangilia dakika. Mara nyingine mechi inakwisha siwezi kukwambia nani kashinda, lakini ukiniuliza Nahla kacheza ngapi, nakutajia na sekunde.

Sasa sikilizeni jinsi kitu kinavyoharibika, maana hakiharibiki kwa kishindo.

Kwenye mpira wa kikapu mchezaji akifanya faulo tano anatolewa, harudi tena. Nahla alikuwa mkabaji wa kuogopwa, kila mechi faulo tatu, nne. Mechi ya sita alifanya faulo nne mapema, kocha akamtoa, akapata dakika kumi na tatu tu. Nyumbani nikamkasirikia. "Faulo za nini zile? Mwache apite, si atafunga kikapu kimoja tu?" Hayo ni maneno yangu, nimeyatoa kwa mdomo huu. Na mtoto akasikia. Mechi ya saba akawa hakabi. Msichana wa upande wa pili anakuja na mpira, Nahla ananyoosha mikono mbali, anampisha kama anapisha mgeni mlangoni. Wakafungwa kwa vikapu vingi.

Tena akawa hataki kutoka. Kocha Liang, mzee mpole, anamwita kwa mkono, yeye anatazama upande mwingine. Na anayekaa benchi kumsubiri ni nani? Mélanie. Amevua koti, amesimama kwenye mstari, anasubiri mwenzake atoke, mwenzake hatoki. Siku moja nilimsikia anamwambia wakati wa mapumziko, "Nahla, toka dakika mbili tu, banacheka miye." Nahla akafunga kamba za viatu, akarudi uwanjani.

Wasichana wa Kichina kwenye timu wakampachika jina, Fenzhong, maana yake dakika. Fenzhong njoo, Fenzhong maji haya hapa. Mwanzo kwa utani, halafu utani ukaisha likabaki jina. Wote wamevaa viatu vile vile, lakini anayelipwa kwa kuvaa ni mmoja. Mpira wakawa hawampi. Wangempa wa nini?

Na Henriette akawa akipika haniletei chakula tena.

Mechi ya tisa Nahla aliruka, akatua juu ya mguu wa mtu. Nilimwona akishika goti. Kocha akamwita, akakataa kwa kichwa, akaendelea kucheza. Na mie, mama yake niliyemzaa, saa yangu ilikuwa inakwenda, nikasema alhamdulillahi hakutoka.

Hayo ndiyo maneno yaliyonigharimu kuyaandika kuliko barua hii yote. Nimeyaandika, basi tuendelee.

Zikapita mechi nne nyingine. Nilimwona anakimbia vibaya, akaniambia viatu vipya havijalainika. Nikaamini. Katoni naifungua, mwanangu nikamwamini kwa maneno. Kwa kuwa kasi imepungua, kocha alimpunguza mwenyewe, na dakika zikawa zinaingia kwa tabu. Mpaka mechi ya kumi na tatu inakwisha, daftari langu na la kampuni yalisema kitu kimoja: mia mbili themanini na tisa. Imebaki fainali. Imebaki dakika kumi na moja.

Wiki ya fainali akaja kwangu Jumamosi, kama kawaida yake. Ikaingia Adhuhuri. Natoka kutia udhu, namkuta anasali juu ya kiti.

Nikamngoja atoe salamu. "Nahla. Kiti cha nini?"

"Nimechoka tu, mama."

"Ukichoka unasali kwenye kiti? Bibi yako ana miaka themanini na mbili anasujudu."

"Mama, niache."

Sikumwacha. Nikapiga magoti mbele yake, nikapandisha suruali mguu wa kulia. Goti lilikuwa halina umbo. Limejaa mpaka mfupa hauonekani, ngozi inang'aa, na juu yake bandeji za kunata za rangi, moja juu ya nyingine. Nikaweka kiganja, lina moto.

"Tangu lini?"

Akavuta suruali kulifunika.

"Tangu mechi ya tisa?"

"Nilikuwa napuliza ile dawa ya ganzi. Inatosha kwa robo moja ya mechi."

Nilimburura hospitali siku ile ile. Wakampiga picha kwenye ile mashine ya kulazwa ndani kama mkate. Daktari akatuonyesha kwenye kioo: gegedu la goti limechanika, na kano ya pembeni imeanza kulegea. Nikamuuliza kwa Kichina changu cha sokoni, akiruka je? Akachukua karatasi, akaandika, akapiga muhuri: asicheze miezi sita. Kisha akasema taratibu, kwa ajili yangu, "Akiruka mara moja vibaya, inakatika yote. Hapo hatutazungumza michezo. Tutazungumza kutembea."

Nahla aliichukua karatasi ile, akaikunja. Tulipofika nyumbani akasema, "Mama, ni dakika kumi na moja tu."

"Hazipo."

"Nitasimama kona. Sitaruka. Kocha hajui, na asijue."

"Nahla, hazipo, nimesema!"

Hapo ndipo aliponitazama machoni, kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze. "Hazipo? Nani aliyezitaka? Walikuja na bei ya msimu mzima, mama. Ningevunjika siku ya pili wangelipa vile vile. Nani aliyesema dakika? Nani anayekaa safu ya tatu na saa? Timu nzima inakuona! Unadhani jina lile limetoka wapi? Walikuona wewe unabonyeza."

Nilikuwa nimeshika kitambaa cha meza, nikakikunja, nikakikunjua. Aliondoka na karatasi ya daktari mfukoni.

Jumatatu nikaenda Tianhe. Nikamchukua Dullah, njiani alikuwa ananibembeleza. "Bi mkubwa, usiharibu. Aingie, atembee tembee, dakika kumi na moja zimeisha, kila mtu kapata chake."

"Na wewe chako."

"Na mimi changu, ndiyo. Nina watoto pia."

"Basi lete goti lako ucheze wewe."

Madam Qiu alitupokea vizuri, chai ikaletwa. Nikamweleza: mtoto anaumwa, tuhesabu mia mbili themanini na tisa, hizo kumi na moja zikatwe kwenye malipo, tuishie hapo kwa wema. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Wewe ukiagiza sahani mia tatu, kiwanda kikakuletea mia mbili themanini na tisa, unapokea?"

"Sipokei."

"Basi."

"Sahani ikivunjika naitupa," nikamwambia. "Huyu nikimvunja, nitampeleka wapi?"

Dullah alisita kutafsiri. Nikamwambia tafsiri. Madam Qiu akatazama kikombe chake, akasema mkataba ni mkataba, na kwamba masharti haya hakuyaleta yeye. Kweli hakuyaleta yeye. Lakini mtu akikushika kwa kosa lako, haina maana akushikilie nalo milele. Nikainuka.

Nikamwendea Henriette. Nilikuwa sijaingia kwake miezi miwili. Nikasimama mlangoni nikasema yote, la saa na la faulo, na la kusema wivu. Alikuwa anahesabu mafungu ya nywele, hakuinua kichwa. Nilipomaliza akasema, "Na kocha hajue?"

"Hajui. Karatasi kaichukua Nahla."

"Nenda hospitali, bakupatie ingine." Akavuta kiti chake nyuma. "Miye nitakusindikiza ku match. Peke yako bataogopesha weye."

Fainali ilikuwa Jumatano, saa tisa alasiri, uwanja wa ndani wa chuo chao. Umejaa. Kampuni wameweka meza pembeni, viatu vimepangwa, taa kali, msichana mmoja anaongea mbele ya simu tatu bila kuvuta pumzi, anauza. Madam Qiu amesimama nyuma yake. Nahla yuko benchi, goti limefungwa chini ya soksi ndefu. Mie na Henriette tulikaa safu ya chini kabisa. Saa sikuiwasha. Karatasi ya daktari, ya pili, iko ndani ya mkoba, na nilikuwa nimeishika kupitia ngozi ya mkoba kama mtu aliyebeba pasi ya kusafiria.

Nitasema kweli: nilitaka asiitwe. Nilitaka mechi iishe yenyewe nisilazimike. Robo ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Timu yetu iko nyuma kwa pointi sita. Robo ya tatu, zimebaki dakika tatu, namwona Madam Qiu, ambaye watazamaji wake wanamtaka Nahla, anakwenda kwa kocha Liang, anamwinamia sikioni. Hesabu hata mtoto angeipiga: dakika tatu na kumi za robo ya mwisho. Kocha akageuka, akamwita Nahla kwa mkono.

Nahla akavua koti.

Nilishuka ile ngazi moja, nikaruka kamba ya matangazo, abaya ikanasa, Henriette akainasua. Nikasimama kati ya mwanangu na mstari wa uwanja.

"Bu xing!" nikasema. Ni neno la sokoni, la kukataa, haiwezekani. Nimelisema maelfu ya mara juu ya bei za masufuria. Siku ile lilitoka mpaka mwamuzi akageuka.

"Mama, toka," Nahla akasema kwa Kiswahili, meno yamefungwa. "Unanitia aibu mbele ya watu wote."

"Utiwe aibu wewe, nitiwe aibu mimi, uwanjani huingii."

Nikampa kocha ile karatasi. Akavaa miwani. Alisoma juu mpaka chini, akarudia juu, na uso wake ukabadilika. Yule mzee hakuwa anajua, na hilo nitamshuhudia popote. Akamwuliza Nahla kitu kwa haraka. Nahla akajibu, yuko sawa, karatasi ni ya zamani, anaweza kucheza. Madam Qiu naye akaja, akasema mchezaji ni mtu mzima, aachwe aamue mwenyewe. Mwamuzi anapiga filimbi, anaonyesha saa. Kocha ananitazama, anamtazama yeye, anatazama viatu vya timu nzima, vyeupe, vya bure.

Nikaona atayumba. Nikamwambia, kwa Kichina changu kibovu, "Mwambie achuchumae."

"Nini?"

"Achuchumae hapa, mbele yako. Mpaka chini. Akifika chini, mie naondoka, naenda kukaa."

Kocha akamtazama Nahla. "Chuchumaa," akamwambia, kwa sauti ya chini.

Nahla alinitazama kwa chuki ambayo siwezi kuisahau. Akaanza kushuka. Mgongo umenyooka, taya limekaza. Alifika kati, pale ambapo mtu anakalia kigoda, mguu ukaanza kutetema. Akaweka mkono kwenye meza ya waamuzi. Akajaribu kuendelea. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Hakushuka wala hakupanda, amening'inia pale, hata yule msichana wa kuuza viatu akaacha kuuza.

Aliyemshika alikuwa Mélanie. Alitoka benchi akapitisha mkono chini ya kwapa lake, akamwinua, akamkalisha. Kisha Mélanie akavua koti, akamtazama kocha, kocha akatikisa kichwa kukubali, akaingia.

Madam Qiu akanijia. Hakupiga kelele. "Mama, unajua umefanya nini? Watu elfu thelathini walikuwa wanatazama kwenye simu."

"Vizuri," nikamwambia. "Wameona."

"Utarudisha yote."

"Nitarudisha. Kwa mafungu, kila mwezi, na risiti nataka. Njoo Tianxiu ghorofa ya saba, uliza mama mgumu, utaonyeshwa mlango. Lakini usimpigie simu mtoto wangu hata mara moja, zungumza na mie."

Timu ilifungwa kwa pointi tisa. Sitawadanganya kwamba Mélanie aliingia akaokoa. Alijitahidi, akafunga vikapu viwili, akafanya faulo tano akatolewa huku anapigiwa makofi. Wasichana wengine walilia. Nahodha wao alinipita bila kunisalimia, na msimu ujao watanunua viatu kwa hela zao. Kwao mie ndiye niliyeharibu, na siwalaumu. Dullah mpaka leo anakata kona akiniona.

Na nyinyi mnaosoma, najua mtasema: lakini hela ni nzuri, wetu atakuwa mwangalifu, sisi hatutafanya ujinga wa Hafidha. Inawezekana. Mtoto kulipwa kwa jasho lake si haramu, na mimi sisemi akatae. Ninasema usikae mezani ukampangia bei ya kipande. Uliza akiumia nani analipa, uliza akikaa benchi inakuwaje, na wakikutajia idadi ya chini, inuka. Ukishamhesabia dakika, naye atajihesabia, na mpira hautauona tena, si yeye wala wewe. Watakaokwambia unazuia bahati ya mtoto, waambie walete magoti yao.

Tulitoka nje, Henriette akatuitia gari. Nahla amejiegemeza ukutani, mguu mmoja umeinuliwa, hataki mkono wangu.

"Ungeniacha nichague mwenyewe," akasema.

"Mengine yote chagua. Hili nimekunyima, na likija tena kesho nakunyima."

"Sitakusamehe, mama. Wallahi sitakusamehe."

Gari likasimama. Nikafungua mlango wa nyuma, nikasogeza mkoba wangu, nikampisha.

"Usinisamehe," nikamwambia. "Panda, unyooshe mguu."